Jeshi Lililokataliwa

Jioni ya tarehe 30 Agosti 1954, wabunge wa Ufaransa walilikataa jeshi ambalo lilikuwa bado halijazaliwa. Kura 319 zilisema lisizaliwe, na kura 264 zilisema lizaliwe. Tena mkataba wenyewe hawakuupigia kura. Walipigia kura hoja ya utaratibu tu, kwamba hakuna haja ya kuendelea kuujadili. Walioupinga walipoona wameshinda, walisimama wakaimba wimbo wa taifa. Mkataba uliotupwa kapuni namna hiyo ulikuwa wa kuunda Jumuiya ya Ulinzi ya Ulaya, na nchi iliyokuwa imelitoa wazo hilo hapo mwanzo ilikuwa ni Ufaransa yenyewe.

Nimelifikiria sana tukio hilo katika miaka hii ya karibuni. Tangu Urusi ilipoivamia Ukraine tarehe 24 Februari 2022, viongozi wa Ulaya wamekuwa wakizungumza habari za ulinzi kutwa kucha. Nani atailinda Ulaya kama Marekani ikichoka? Fedha zitoke wapi? Nani atatoa amri? Wengi huyazungumza maswali hayo kana kwamba yameanguka kutoka mbinguni juzi. Mimi nadhani yote yaliulizwa mwaka 1954, yakaahirishwa, na deni lililoahirishwa halifutiki kwa sababu mdai amekaa kimya.

Msomaji aweza kuniuliza: mambo ya Wazungu na majeshi yao yanatuhusu nini? Nitamjibu kwamba mwaka ule wa 2022 wanunuzi wa mkate na unga wa ngano huku kwetu walionja vita vya Ukraine ingawa hawakusikia hata mlio mmoja wa mzinga, kwa kuwa sehemu kubwa ya ngano yetu ilitoka Urusi na Ukraine kupitia Bahari Nyeusi. Tena, kama nitakavyoeleza, jeshi la Umoja wa Ulaya lilipotoka nje ya bara lake kwa mara ya kwanza bila ya msaada wa NATO, lilikuja Kongo, katika mji ambao watu wake wanasema Kiswahili.

Ili tuelewe walichokikataa wabunge wale, hatuna budi kurudi nyuma miaka minne. Mwezi Juni 1950 majeshi ya Korea ya Kaskazini yaliivamia Korea ya Kusini. Ulaya ya Magharibi ilishikwa na hofu. Ujerumani nayo ilikuwa imekatwa vipande viwili kama Korea, na upande wake wa mashariki walikuwako askari wengi wa Stalin. Kilichotokea Korea kingeshindwaje kutokea Ujerumani? Marekani, ambayo sasa ilikuwa inapigana Asia, haikutaka kuubeba peke yake mzigo wa kuilinda Ulaya. Mwezi Septemba mwaka huohuo Dean Acheson, Waziri wake wa Nchi za Nje, aliwaambia wenzake wa Uingereza na Ufaransa kinagaubaga kwamba Wajerumani wa Magharibi nao lazima wapewe silaha.

Hebu tufikiri jambo hilo lilivyosikika mjini Paris. Vita Kuu ya Pili vilikuwa vimekwisha miaka mitano tu iliyopita. Kati ya 1870 na 1940 Wafaransa walikuwa wameyaona majeshi ya Wajerumani yakiingia nchini mwao mara tatu. Walikuwako wabunge waliokuwa wametoka katika kambi za mateso za Wanazi, na wengine waliokuwa wamezika ndugu zao. Sasa waliambiwa kwamba mtu yuleyule avalishwe tena kofia ya chuma, ati kwa usalama wao.

Aliyewatafutia njia ya kutokea ni Jean Monnet. Huyu ndiye aliyekuwa amebuni mpango wa kuunganisha makaa ya mawe na chuma cha Ufaransa na Ujerumani, uliotangazwa na Robert Schuman tarehe 9 Mei 1950. Dawa yake ya jeshi ilikuwa ileile ya chuma: kama huwezi kumkataza jirani asiwe na kisu, basi kisu kiwe cha nyumba nzima. Tarehe 24 Oktoba 1950 Waziri Mkuu René Pleven alilipeleka wazo hilo Bungeni. Wajerumani wangekuwa askari, lakini Ujerumani isingekuwa na jeshi. Vikosi vyao vingechanganywa na vya mataifa mengine ndani ya jeshi moja la Ulaya.

Majadiliano yalichukua mwaka mmoja na zaidi. Mkataba ulitiwa sahihi Paris tarehe 27 Mei 1952 na nchi sita: Ufaransa, Ujerumani ya Magharibi, Italia, Ubelgiji, Uholanzi na Luxembourg. Ukisoma mambo yaliyomo, utashangaa jinsi watu wale walivyothubutu. Kungekuwa na sare moja, bajeti moja, na kamisheni ya watu tisa ya kuliendesha jeshi. Kungekuwa na baraza la mawaziri, bunge na mahakama. Hata hatua za kuunda jumuiya ya kisiasa juu ya jeshi hilo ziliandaliwa, na rasimu yake ilikuwa tayari mwezi Machi 1953. Hadi leo, miaka zaidi ya sabini baadaye, Umoja wa Ulaya haujafika hapo.

Lakini mkataba ulikuwa na mambo mawili ambayo wapenzi wake wa leo hupenda kuyasahau. La kwanza, wakati wa vita jeshi hilo lingekuwa chini ya Jemadari Mkuu wa NATO, na huyo alikuwa Mmarekani. La pili, nchi zenye makoloni ziliruhusiwa kubaki na majeshi yao mengine kwa ajili ya huko ng'ambo. Kwa hiyo Ufaransa ingekuwa na majeshi mawili: moja la Ulaya ambalo si lake peke yake, na jingine la kupigana Indochina na kulinda himaya yake Afrika. Maofisa wengi wa Kifaransa waliona kwamba huko ni kulipasua jeshi la taifa katikati kama gogo.

Muda ulipita. Ujerumani ya Magharibi, Ubelgiji, Uholanzi na Luxembourg ziliridhia. Italia ilingoja kuona Ufaransa itafanya nini. Na Ufaransa ilingoja kwa sababu kila waziri mkuu aliogopa kuupeleka mkataba Bungeni. Wakati huo dunia haikukaa ikisubiri. Stalin alifariki tarehe 5 Machi 1953. Mwezi Julai mwaka huo mapigano yalisimamishwa Korea. Hofu iliyouzaa mkataba ikaanza kupoa, na watu wakaanza kuuliza haraka ni ya nini. Mwezi Desemba 1953 John Foster Dulles, aliyekuwa amechukua nafasi ya Acheson, alitishia kwamba mkataba ukikwama Marekani italazimika kuufikiria upya msimamo wake kuhusu Ulaya. Tishio hilo liliwaudhi Wafaransa kuliko lilivyowatisha. Halafu tarehe 7 Mei 1954 ngome ya Dien Bien Phu ikaangukia mikononi mwa Wavietnam. Taifa lililokuwa limetoka kufedheheshwa namna hiyo halikuwa na moyo wa kuambiwa litoe na jeshi lake.

Pierre Mendès France, aliyeingia madarakani mwezi Juni 1954, aliupeleka mkataba Bungeni bila ya kuutetea, na serikali yake haikupiga kura. Waliouangusha walikuwa watu ambao siku nyingine wasingekaa meza moja. Wakomunisti waliupinga kwa kuwa ulielekezwa dhidi ya Moscow. Wafuasi wa Jenerali de Gaulle waliupinga kwa kuwa uliliondolea taifa jeshi lake. Katikati walikuwako Wasoshalisti na wengine waliogawanyika wenyewe kwa wenyewe. Mzee Édouard Herriot, mwenye umri wa miaka 82, aliyekuwa waziri mkuu zamani, alisema kwamba mkataba huo ni mwisho wa Ufaransa.

Tujiulize basi: je, watu wale walikosea? Vitabu vingi vilivyoandikwa na wapenzi wa umoja wa Ulaya vinawahukumu kwa ukali, kwamba waliipoteza nafasi ambayo haikurudi tena. Mimi sikubaliani na hukumu hiyo moja kwa moja. Swali walilouliza lilikuwa la haki. Kijana wa Kifaransa anapotumwa kufa, anatumwa na nani? Kama ni na kamisheni ya watu tisa ambao mama yake hakuwachagua, mama huyo amlalamikie nani? Bunge linaweza kugawana na wengine ushuru wa forodha na bei ya chuma. Uamuzi wa nani afe si kitu cha namna hiyo. Mtu akiwaita wabunge wale washamba au wazalendo wenye macho mafupi, nadhani hajawahi kufikiri vizuri maana ya amri ya kijeshi.

Walipokosea, kwa maoni yangu, ni pale walipodhani kwamba kusema hapana kulikuwa jibu. Miezi michache tu baadaye, mwezi Oktoba 1954, Ujerumani ya Magharibi ilikubaliwa iingie NATO kwa mlango wa mbele, na mwezi Mei 1955 ikaingia. Novemba mwaka huo askari wa kwanza wa jeshi lake jipya, Bundeswehr, walikabidhiwa hati zao. Yaani wale waliopiga kura ili lisiweko jeshi la Wajerumani ndani ya jeshi la Ulaya walijipatia jeshi la Wajerumani lenye bendera yake. Ni kweli lilifungwa kamba: Ujerumani iliahidi kutotengeneza silaha za nyuklia, za sumu wala za vijidudu, na Uingereza iliahidi kuweka majeshi yake bara. Lakini kamba iliyokuwa nene kuliko zote ilikuwa ya Marekani. Dulles hakuondoka. Askari wake walikaa, na mwamvuli wake wa nyuklia ukatandazwa juu ya Ulaya ya Magharibi nzima.

Hapo ndipo ilipopatikana Ulaya tuliyoizoea. Mwezi Juni 1955 mawaziri wa nchi zilezile sita walikutana Messina, Italia, wakaamua waanze upya kwa mambo ya biashara. Tarehe 25 Machi 1957 wakatia sahihi Mkataba wa Roma. Kazi ikagawanywa: mambo ya mkate yakapelekwa Brussels, na mambo ya mkuki yakaachwa Washington. Mgawanyo huo haukuwa mbaya. Nchi zilizokuwa zimechinjana kwa vizazi vitatu zilikaa kwa amani, zikajenga viwanda, hospitali na shule. Serikali ambayo hailazimiki kununua vifaru vingi ina fedha za kulipa pensheni. Katika miaka ya 1980 walikuwako askari wa Kimarekani takriban laki tatu Ulaya, na raia wengi walikuja kuwaona kama mvua za msimu, kitu ambacho huja chenyewe.

De Gaulle peke yake ndiye aliyelikumbusha swali hilo kwa sauti. Ufaransa ilijaribu bomu lake la kwanza la nyuklia mwaka 1960, na mwaka 1966 de Gaulle aliiondoa nchi yake katika uongozi wa kijeshi wa NATO, makao makuu yakahama Paris kwenda Ubelgiji. Wenzake walimwona ni mkaidi. Lakini hata yeye hakutaka jeshi la Ulaya. Alitaka jeshi la Ufaransa, na Ulaya imfuate. Ufaransa ilirudi katika uongozi huo mwaka 2009.

Vita Baridi vilipokwisha, mgawanyo ule ulipata mtihani wake wa kwanza. Yugoslavia ilipoanza kusambaratika mwaka 1991, wako viongozi wa Ulaya waliotangaza kwamba safari hii ni zamu ya Ulaya, wala si ya Wamarekani. Kilichofuata kinajulikana. Walikuwako Bosnia askari wa Ulaya wenye kofia za buluu za Umoja wa Mataifa, wenye silaha nyepesi na amri zisizoeleweka. Mwezi Julai 1995, katika mji wa Srebrenica uliokuwa umetangazwa kuwa eneo la usalama na kulindwa na kikosi cha Waholanzi, wanaume na wavulana wa Kiislamu zaidi ya 8,000 waliuawa. Vita vilisimama baada ya ndege za NATO, nyingi zikiwa za Marekani, kushambulia. Mapatano ya amani ya nchi ya Ulaya yalijadiliwa katika kambi ya jeshi la anga la Dayton, katika jimbo la Ohio. Sijui kama kuna aibu nyingine ya kisiasa iliyoielemea Ulaya kuliko hiyo katika miaka ile.

Aibu hiyo ilizaa matendo kidogo na makaratasi mengi. Mwezi Desemba 1998 Tony Blair na Jacques Chirac walikutana Saint-Malo, wakakubaliana kwamba Umoja wa Ulaya uwe na uwezo wake wa kutenda kijeshi. Mwaka uliofuata, Helsinki, viongozi waliahidi kuwa na askari hadi 60,000 wanaoweza kupelekwa katika muda wa siku 60. Ahadi ilififia. Badala yake vikaundwa vikosi vidogo vya askari wapatao 1,500, vinavyopokezana zamu, na tangu viwe tayari mwaka 2007 miaka ilipita mmoja baada ya mwingine bila ya hata kimoja kupelekwa vitani.

Lakini kilikuwako kisa kimoja kilichoonyesha yanayowezekana, na mipaka yake. Mwezi Mei 2003, baada ya majeshi ya Uganda kuondoka Bunia, katika wilaya ya Ituri huko Kongo, wanamgambo wa Kihema na wa Kilendu waliugeuza mji kuwa machinjio. Watu walikimbilia uwanja wa ndege na kambi ya askari wachache wa Umoja wa Mataifa. Tarehe 30 Mei Baraza la Usalama liliruhusu kikosi cha dharura, na Umoja wa Ulaya ukakubali kukipeleka kwa jina la Artemis. Wengi wa askari wake walikuwa Wafaransa, na mizigo yao ilipitia Entebbe. Katika muda wa wiki chache wanamgambo waliondolewa mjini, uwanja wa ndege ukalindwa, na watu wakaanza kurudi majumbani. Waliookolewa walikuwa wengi, na si haki kulidharau jambo hilo.

Hata hivyo amri ilikuwa ya mji tu na ya majira tu. Ilipofika tarehe 1 Septemba 2003 muda ulikwisha, na kazi ikarudishwa kwa Umoja wa Mataifa. Nje ya Bunia, vijijini, watu waliendelea kuuawa. Nikilitazama tukio hilo naona mambo mawili. Ulaya iliweza kutenda kwa haraka pale ambapo taifa moja, yaani Ufaransa, lilikuwa tayari na majeshi yake, amri yake na kiongozi wake. Na iliweza kuondoka kwa haraka kwa sababu hatari haikuwa mlangoni kwake. Bunia haikuwa nyumbani. Siku ambayo hatari ingekuja nyumbani, hakuna ambaye angeweza kuhesabu siku tisini na kupanda ndege.

Siku hiyo ilikuja kwa hatua. Mwaka 2014 Urusi iliichukua Rasi ya Krimea. Mwezi Septemba mwaka huo nchi za NATO zikakubaliana kwamba kila moja ijitahidi kutumia asilimia 2 ya pato lake kwa ulinzi katika muda wa miaka kumi, na nyingi zikaendelea kwa mwendo wa kobe. Ujerumani ilikuwa imesimamisha utumishi wa lazima jeshini mwaka 2011, na gesi ya Urusi iliendelea kupasha joto nyumba zake. Februari 2022 ikawaamsha wote. Siku tatu baada ya uvamizi, Kansela Olaf Scholz alitangaza mfuko maalumu wa Yuro bilioni 100 kwa ajili ya jeshi. Denmark, iliyokuwa imejitenga na mambo ya ulinzi ya Umoja wa Ulaya kwa miaka thelathini, iliamua kujiunga nayo kwa kura ya wananchi tarehe 1 Juni 2022. Ufini, yenye mpaka na Urusi wa zaidi ya kilomita 1,300, ikaingia NATO mwezi Aprili 2023, na Uswidi ikafuata mwezi Machi 2024.

Kisha ikaonekana kwamba fedha peke yake si makombora. Mwezi Machi 2023 Umoja wa Ulaya uliahidi kuipatia Ukraine makombora ya mizinga milioni moja katika muda wa mwaka mmoja. Mwaka ulipokwisha yalikuwa yamepatikana karibu nusu. Hawakukosa fedha. Walikosa viwanda. Kiwanda cha baruti hakijengwi kwa hotuba, na mwenye kiwanda hanunui mashine mpya mpaka aone oda ya miaka mingi. Na oda hizo ziligawanyika, kwa kuwa kila serikali ina kiwanda chake cha nyumbani cha kukipendelea, ndiyo maana Ulaya ina aina nyingi za vifaru, za ndege na za meli kuliko Marekani yenye bajeti kubwa kuliko wao wote.

Mwaka 2025 mambo yakawa wazi zaidi. Mapema mwezi Machi, baada ya magombano ya hadharani kati ya Rais Trump na Rais Zelensky katika Ikulu ya Marekani, Marekani ilisimamisha kwa muda misaada ya silaha na taarifa za kijasusi kwa Ukraine. Kusimamishwa huko hakukudumu, lakini kuliwafundisha watu wa Ulaya kwamba kilichotolewa jioni kinaweza kuchukuliwa asubuhi. Mwezi huohuo Ujerumani ilibadili katiba yake ili iweze kukopa zaidi kwa ulinzi. Mwezi Mei Umoja wa Ulaya ulianzisha mfuko wa mikopo ya silaha wa Yuro bilioni 150. Mwezi Juni, mjini The Hague, nchi za NATO ziliahidi kufikia asilimia 5 ya pato ifikapo 2035, ingawa Hispania ilisema wazi kwamba haioni haja ya kufika huko. Mwezi Desemba viongozi wa Umoja wa Ulaya waliamua kukopa kwa pamoja Yuro bilioni 90 ili waikopeshe Ukraine, baada ya kushindwa kukubaliana kuhusu kuzitumia fedha za Urusi zilizozuiliwa Ubelgiji. Hungary, Slovakia na Jamhuri ya Czech ziliomba zisibebeshwe mzigo huo.

Tazama basi umbali tuliotembea. Bajeti ya pamoja iliyokuwa ndoto mwaka 1952 imeanza kuja kwa mlango wa nyuma, kwa jina la mkopo. Wako hata wanasheria wanaosema kwamba mkataba ule haukufutwa kamwe. Nchi nne ziliuridhia, kwa hiyo Ufaransa na Italia zikiuridhia leo unaweza kufufuka. Ni hoja ya kuvutia, lakini sidhani kama maiti wa miaka sabini atainuka na kuvaa sare.

Sababu yangu ni swali lilelile la 1954. Chukua nchi mbili kubwa tu. Nchini Ujerumani, kufuatana na hukumu ya Mahakama ya Katiba ya mwaka 1994, askari hawapelekwi vitani nje ya nchi bila ya idhini ya Bunge. Nchini Ufaransa, Rais huwapeleka, kisha Serikali hulijulisha Bunge katika muda wa siku tatu. Bunge hupiga kura ikiwa kazi inapita miezi minne. Tabia hizo mbili hazikutokea kwa bahati. Wajerumani waliandika sheria yao wakikumbuka Hitler. Wafaransa waliandika yao wakikumbuka 1940, waliposhindwa katika muda wa wiki sita. Jeshi moja lingefuata kumbukumbu ya nani? Na juu ya hao weka Ireland na Austria zisizojiunga na upande wowote wa kijeshi, na Poland ambayo mwaka 1939 ilitangaziwa na London na Paris kwamba ziko pamoja nayo, ikangoja msaada ambao haukufika. Ndiyo maana Poland, iliyotumia zaidi ya asilimia 4 ya pato lake kwa ulinzi mwaka 2024, imezoea kuiamini Washington kuliko jirani zake. Nchi inayoogopa zaidi ndiyo isiyotaka kubahatisha.

Liko na suala la nyuklia. Tangu Uingereza ilipotoka katika Umoja wa Ulaya mwaka 2020, nchi yenye silaha hizo ndani ya Umoja ni Ufaransa peke yake. Mwezi Machi 2025 Rais Macron alisema yuko tayari kujadili jinsi silaha hizo zinavyoweza kuwakinga na wenzake. Lakini kitufe, alisema, kitabaki mkononi mwa Rais wa Ufaransa. Mpiga kura wa Vilnius au Helsinki ataamini kwamba Rais huyo, ambaye yeye hakumchagua, ataihatarisha Paris kwa ajili yake? Swali la mama wa Kifaransa wa mwaka 1954 sasa linaulizwa na mama wa Lithuania, ila limegeuzwa: yule aliogopa kwamba wageni watamtuma mwanawe akafe, na huyu anaogopa kwamba wageni hawatawatuma wana wao.

Kwa sababu hiyo nawaonea mashaka watu wa namna mbili. Wa kwanza ni wale wanaodhani kwamba asilimia zikipanda, kazi imekwisha. Asilimia 5 za nchi thelathini zisizoaminiana bado ni majeshi thelathini. Wa pili ni wale wanaosema jibu ni kuunda jeshi moja kesho, kana kwamba utii wa askari unaletwa kwa muhuri. Watu hukubali kufa kwa ajili ya kitu wanachokiona ni chao, na kitu hicho hujengwa polepole, kwa uchaguzi wanaouamini, kwa mahakama wanayoiheshimu, na kwa makaburi ya pamoja. Wakati wa Ulaya unakwenda mbio kuliko ujenzi huo. Hilo ndilo tatizo lake lote, na sioni kwamba kuna mwenye ufumbuzi wake mfukoni.

Wahenga walisema cha kuazima hakisitiri. Wabunge wale 319 waliuliza swali la watu wazima, halafu wakaenda kuazima jibu ng'ambo ya bahari ya Atlantiki. Jibu hilo liliwasitiri kwa muda mrefu kuliko ambavyo yeyote kati yao angethubutu kutumaini, na watoto na wajukuu wao walikua bila ya kuvuliwa na vita. Hiyo ni neema, wala si jambo la kuchekwa. Lakini mwenye nguo ameanza kuuliza habari za nguo yake, na wenye nyumba sasa hawana budi kukaa chini na kuamua, kwa kura zao wenyewe, nani atawaamuru watoto wao, na kwa ajili ya mpaka wa nani.